Wakuba hawakutumwa Angola na Moscow

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi zile wino ulikuwa unabaki vidoleni, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Hata mlipotangaza msiba wa yule mwanamuziki ambaye mpaka leo anapiga gitaa kila wikiendi, nilinyamaza. Ila ile makala ya Kuba, ile ya ukurasa mzima yenye kichwa chekundu, imenishinda.

Sehemu ya umeme sina ugomvi nayo. Kweli Oktoba 2024 mtambo wa Antonio Guiteras kule Matanzas ulizima na kisiwa kizima kikaingia giza, kweli watu wanapanga foleni ya mkate, na kweli walioingia barabarani Julai 11, 2021 wengi walifungwa, wengine miaka mingi tu. Mimi si shabiki wa serikali ya Havana na fulana ya Che sina. Kilichonikera ni ile aya karibu na mwisho, eti Wakuba walikwenda Angola mwaka 1975 kwa sababu walitumwa na Moscow, yaani wakubwa wa Kisovieti, mamluki tu waliovalishwa sare. Sentensi moja, halafu huyoo mwandishi kahamia kwenye bei ya sigara.

Mnadhani sentensi moja haina madhara. Mjukuu wangu yuko sekondari, akapewa zoezi la historia aeleze kwa nini Kuba ilipeleka askari Angola. Akaja kuniuliza, tukakaa mezani, akaandika vizuri kwa maneno yake. Daftari limerudi lina mkasi wa wino mwekundu ukurasa mzima, chini kaandikiwa "soma magazeti". Nikaenda shuleni. Nimewekwa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka kengele ya mapumziko, mwalimu katoka, kijana mwenye heshima zake, shikamoo mzee, marahaba, halafu ananionyesha ubao wa matangazo na makala yenu imebandikwa pale kwa gundi. "Mzee, si wameandika hapa?" Sasa ningebishana na ubao?

Basi nabishana na nyinyi. Kama bosi alikuwa Moscow, mbona askari wa mwanzo walipakiwa kwenye ndege za Wakuba wenyewe, Britannia kuukuu za pangaboi ambazo zilikuwa haziwezi kufika Angola bila kutua njiani kujaza mafuta? Oktoba 1975 makaburu wa Afrika Kusini walishavuka mpaka kutoka Namibia wanapandisha kuelekea Luanda, kaskazini FNLA, chama cha wapiganaji wapinzani, na askari wa Mobutu wa Zaire wako nje ya mji, uhuru wa Angola kutoka kwa Wareno ni Novemba 11, na Neto, kiongozi wa chama cha MPLA kilichoshika Luanda, anaomba msaada. Havana ikaamua yenyewe mwanzoni mwa Novemba, Moscow ikaja kuambiwa mambo yameshaiva. Oparesheni wakaiita Carlota, jina la mwanamke mtumwa aliyeongoza uasi kwenye shamba la miwa la Triunvirato, huko huko Matanzas, mwaka 1843, hivi Moscow nani alikuwa anamjua Carlota? Utumwa Kuba umekuja kufutwa 1886, na wengi wa wale watumwa walibebwa kutoka Kongo na hiyo hiyo Angola, kwa hiyo kuna askari waliokuwa wanarudi kwa babu zao. Silaha zilikuwa za Kirusi, sibishi, na baadaye Moscow ilibeba mzigo mkubwa wa ile vita. Lakini kuazimwa bunduki na kutumwa ni vitu viwili, jamani! Hata 1987 makaburu walipoibana Cuito Cuanavale, mji wa kusini mwa Angola, Fidel Castro aliongeza askari kwanza ndo Warusi wakapewa taarifa, na hawakufurahi. Makaburu wakakwama pale, Wakuba wakashuka kusini mpaka karibu na Namibia, iliyokuwa chini ya makaburu, Desemba 22, 1988 Afrika Kusini ikasaini mkataba New York pamoja na Angola na Kuba, na Machi 21, 1990 Namibia ikapandisha bendera. Mandela katoka jela, Julai 1991 yuko Matanzas anashukuru. Alienda kushukuru mamluki? Wakuba zaidi ya 2,000 walikufa Angola, na Desemba 7, 1989 wakazikwa kisiwa kizima kwa siku moja.

Na kama shida yenu ilikuwa kuwasema vibaya, mbona mmemuacha Jenerali Ochoa? Huyo aliongoza majeshi yao Angola, halafu Julai 1989 serikali yake mwenyewe ikampiga risasi baada ya kesi ya madawa ya kulevya. Hiyo ndo ilikuwa makala, mkaipita.

Halafu picha. Yule mwenye ndevu na kofia pana mliyemwandika "Fidel Castro akiwa kijana" ni Camilo Cienfuegos, mwenzake Fidel kwenye mapinduzi, ambaye ndege yake ilipotea Oktoba 1959 na hajaonekana mpaka leo. Hata kwenye gazeti lenu bado hajapatikana.

Sasa cha kushangaza, kurasa za mikeka ya betting hamkosei kabisa. Mechi ya daraja la pili Finland, saa, dakika, odi mpaka desimali ya pili, vyote sawasawa, kijana wa hapa mtaani anazikagua kila siku hajawahi kulalamika. Ina maana mna mtu makini humo ndani. Mpeni huyo makala zote za historia azipitie kila Alhamisi kabla gazeti halijaenda mitamboni, na alipwe mara mbili. Hela mtoe kwenye ule ukurasa wa nyota, mimi ni Nge na tangu Januari mnaniahidi safari ya ng'ambo.

Mstaafu wa bandari,
Tabata, Dar es Salaam