Kabla hujaagiza changu, mtazame shavuni

Ujumbe ambao sisi wauza samaki tunaupokea sana wikendi ni huu: "Naomba snapa mwekundu kilo mbili." Hapa Nairobi jina hilo limegeuka kapu. Changu, kungu, tembo na hata tewa mwenye wekundu kidogo hutiwa humo, ilhali bei zao hazilingani na hawapikwi namna moja. Ndiyo sababu kwenye risiti zetu tunaandika jina la samaki kama linavyosemwa Pwani anakovuliwa. Ukitoka Tanga au Unguja utawaita tasi na chewa. Sisi tutakuandikia tafi na tewa, na ni samaki wale wale.

Tuna ombi moja: usikubali samaki akatwe kichwa na kuchunwa ngozi kabla hujamwona. Fileti ya mbuta wa Ziwa Victoria ikishachunwa, si rahisi kwa jicho kuitenga na ya tewa. Mbuta ni samaki mzuri, lakini mteja aliyelipia tewa apewe tewa.

Rangi nayo isikubabaishe. Felusi akitolewa majini humeta kijani na dhahabu, kisha akifa hupauka upesi sana. Anapofika Nairobi ni kijivu. Pono dume na pono jike wa aina moja huweza kupishana rangi hata ukadhani ni samaki wawili, na pono wengi huanza maisha wakiwa majike, baadaye wakageuka madume. Mtambue kwa meno: yameungana yakawa mdomo mgumu wa kukwangulia mwani kwenye mawe.

Wanaotatiza zaidi ni changu na tembo. Yupo changu mwenye doa jeusi ubavuni, na tembo mwenye michirizi ya manjano naye ana doa lake. Wakilala pamoja kwenye barafu, rangi zikiwa zimefifia, hata mzoefu huinama kutazama. Pitisha kidole chini ya jicho, kuelekea kwenye kifuniko cha matamvua. Kwa changu utagusa ngozi tupu, laini, isiyo na gamba hata moja. Kwa tembo na kungu utagusa magamba. Kisha litazame doa lenyewe: la tembo limekalia ule mstari unaopita ubavuni, nyuma kuelekea mkia, la changu liko chini ya mstari, katikati ya ubavu. Alama hizi hazifutiki kwa barafu.

Wengine ni wepesi kuwajua. Mkundaji ana ndevu mbili kidevuni. Kangaja ana kiwembe kila upande, pale mkia unapoanzia. Nguru ana mistari ya kusimama mwilini, na ule mstari wa ubavuni hushuka ghafla baada ya pezi la pili la mgongoni.

Kwa tafi tunataka uwe mwangalifu. Ana miba 13 mgongoni na mingine tumboni, na miba hiyo ina sumu inayouma vibaya hata samaki akiwa ameshakufa. Tunaikata kwa mkasi kabla ya kumfunga. Ukimnunua kwingine akakuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu hupungua. Na usimweke siku nzima bila kumtoa matumbo: chakula chake ni mwani na majani ya baharini, na harufu ya tumbo huingia kwenye nyama. Akisafishwa mapema, kwa kukaanga simwoni wa kumshinda.

Jodari, nguru na felusi wana hatari ya namna nyingine. Wakikaa kwenye joto, nyama yao hujaa kemikali iitwayo histamini, na histamini haitoki kwa kupikwa. Anayeila huweza kuwashwa, uso ukawa mwekundu na kichwa kikamgonga, akadhani ana aleji ya samaki. Kwa hiyo mzigo wa samaki hawa ukitufikia barafu imeyeyuka na nyama ina joto, hatuuzi, hata kwa bei ya kutupa. Bunju hatumuuzi kabisa. Sumu yake huua, na moto hauiondoi.

Unapoagiza, tuambie unataka kupika nini. Wa kuchoma mzima tutakuchagulia changu. Wa mchuzi wa nazi, tewa, maana nyama yake haivunjikivunjiki. Wa vipande, nguru. Tutakutumia picha ya kichwa na ubavu kwa WhatsApp kabla hatujamgusa kwa kisu. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, mashua nyingi haziendi mbali na nguru huadimika, basi agiza mapema au utuambie ni samaki gani mwingine utakubali badala yake.