Kuta za Miomboni haziuawi na uzee

Mhariri,

Habari yenu ya majuzi ilisema majengo ya zamani katikati ya mji wa Iringa yanabomoka kwa sababu ya uzee. Nimenyamaza miaka mingi, ila hilo halimezeki. Kinachoyaua ni saruji.

Maduka mengi ya zamani ya mtaa wa Miomboni na kuzunguka Soko Kuu ni ya matofali laini ya kuchoma, yaliyounganishwa kwa udongo na kupigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa kiangazi. Siku hizi fundi anakuja na saruji, anapiga lipu nene vidole viwili, juu yake rangi ya mafuta. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi unakosa pa kutokea, chumvi nyeupe inachanua, tofali linageuka unga. Baada ya mvua za mwaka huu niligonga kwa kidole ukuta wa duka moja karibu na soko, ukalia kama debe tupu. Lipu ikaachia bamba zima kama ganda la mkate, na tofali lililokuwa nyuma yake ungelichota kwa kijiko. Mwenye duka anasema atapiga saruji tena, safari hii nzito zaidi!

Na mitaro je? Imefunikwa zege bila hata tundu la kuzibulia, magata yameoza, maji ya bati yote yanamwagika kwenye miguu ya kuta. Hapo hata chokaa haifui dafu.

Boma la Wajerumani limekuwa makumbusho tangu 2016, na ni vyema. Lakini historia ya mji huu iko pia kwenye baraza za maduka, na mtaa wa Kitanzini, ambako wenyeji bado wanasimulia walionyongwa na Wajerumani.

Manispaa isitoe kibali cha ukarabati mpaka fundi apige sampuli ya lipu ya chokaa ya mita moja ya mraba. Abandue saruji yote, ukuta ukauke kuanzia Juni hadi Oktoba. Chokaa ilowekwe siku mbili, kisha ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliochekechwa. Mkono wa kwanza wa lipu usizidi unene wa sentimita 1, ufunikwe kwa magunia mabichi wiki nzima, maana upepo wa huku unapasua lipu changa kabla ya saa sita mchana. Juu yake ni chokaa tu, rangi ya mafuta isiguse.

Fundi uashi mstaafu,
Kihesa, Iringa