Shokapu ya mjomba wako

Liège, Jumapili usiku

Hamisi ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mafundi wote hapo gereji. Huku sisi wazima, baridi tu ndiyo inatunyoosha.

Ule ubishi wetu leo nimeupatia dawa. Uliapa kwamba shokapu moja ya nyuma, kama ile ya pikipiki ya mjomba wako, Yamaha DT, ni akili ya Mjapani. Si kweli, bwana. Ni ya mhandisi wa hapa hapa Ubelgiji, Lucien Tilkens. Suzuki ndio walioonyeshwa kwanza, wakaipuuza. Yamaha wakaidaka, wakailaza chini ya tangi, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akawapa ubingwa wao wa kwanza wa dunia wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia mbovu za udongo, daraja la injini za cc 250. Kabla ya hapo zilikuwa shokapu mbili fupi. Gurudumu likipanda kidogo tu limegota, kinachobaki kinapokewa na kiuno cha dereva.

Habari hizi nimezichota kwa mzee jirani yangu, anayefufua pikipiki za mashindano za zamani bandani kwake. Anayo CZ ya Chekoslovakia ya miaka ya sitini: silinda moja, ekzosi mbili! Akaniambia haya, piga kiki. Nikanyanyua mguu wa kulia, natafuta, hamna kitu. Kumbe kiki iko kushoto. Nikapiga kwa kushoto, ikanirudishia teke la ugoko hadi sasa nachechemea. Ilipowaka, banda zima likajaa moshi, na harufu yake, Hamisi, ni ile ile ya mafuta ya nyonyo aliyokuwa akitupaka bibi! Ndiyo oili waliyokuwa wakichanganya na petroli.

Juu ya CZ ya namna hiyo Mbelgiji Joël Robert alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 250 mwaka 1964, ana miaka 20 tu. Akarudia 1968 na 1969, kisha akahamia Suzuki akatwaa mitatu mfululizo. Jumla sita. Na jamaa mwenyewe alikuwa mvutaji sigara, mazoezi hakutaka hata kuyasikia.

Najua utanitajia Roger De Coster wako, Mbelgiji mwingine. Sikatai, bingwa wa dunia wa cc 500 mara tano kati ya 1971 na 1976, tena ule wa 1974 ndio pekee uliomponyoka, ukaenda kwa Mfini Heikki Mikkola na Husqvarna yake. Ila De Coster alijifua kama askari, na mtu anayeshinda kwa kujifua namwelewa. Robert simwelewi hata kidogo, ndiyo maana namkubali zaidi.

Mzee nimemsimulia ile DT, hakuamini kwamba bado inabeba ndizi sokoni. Vua kiti, nyanyua tangi, piga picha shokapu ionekane vizuri, unitumie. Uifute vumbi kwanza.

Wako,
Juma