YAH: Patasi zilizopinda siku ya kwanza

Mtwara, 9 Septemba

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mchongaji hapa Mtwara mjini. Kila Jumamosi nafundisha uchongaji vijana 14, wa miaka 13 hadi 17. Mwezi uliopita niliagiza kwenu seti 6 za patasi kwa shilingi 35,000 kila seti, nikalipa 210,000 zote kabla mzigo haujapanda basi. Ni michango ya wazazi, wengi wakulima wa korosho, na kabla ya minada kuanza mfuko wa mkulima huku huwa mtupu.

Kwenye boksi mmeandika "kwa mbao ngumu". Sasa sikilizeni. Gogo la mpingo lina sehemu mbili: nje weupe ulio laini kiasi, ndani kiini cheusi. Binti wa miaka 15 ndiye aliyefungua kazi. Patasi ikapita kwenye weupe vizuri tu, nikajisemea moyoni, hapa tumepata. Ilipogusa weusi, makali yakajikunja kama kucha iliyolowa maji. Nikaichukua, nikainoa, nikagonga polepole kwa mkono wangu mwenyewe. Ikapinda shingo. Tulijaribu 11, hakuna iliyonusurika. Mipini miwili nayo ilipasuka, lakini hilo naliacha.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa huduma kwa wateja akasema labda watoto hawajui kushika patasi. Ndugu yangu, huku ni kwa Wamakonde! Wawili kati yao babu zao ni wachongaji Newala, wameshika tezo kabla ya kalamu. Na hata wangekuwa hawajui, tangu lini chuma kikapinda kwa ujinga wa aliyekishika? Akaniongezea kwamba tutumie mti laini. Ningekuwa nachonga mwembe, ningeagiza patasi za mwembe.

Kilichoniudhi zaidi ni kidole cha mtoto. Patasi isiyokata humfanya mtu aongeze nguvu, nayo ikiteleza huishia kwenye mkono ulioshika gogo. Mmoja amechanika kidole gumba. Ashukuriwe Mungu hakikuhitaji kushonwa, ila mama yake alinijia nyumbani, na maelezo nilitoa mimi, si ninyi.

Kwa sasa darasa zima linapokezana patasi zangu mbili, mhunzi alizozifua kwa springi ya gari miaka 9 iliyopita.

Naomba mnirudishie shilingi 210,000 pamoja na 18,000 za usafirishaji, ndani ya siku 14. Patasi zote 36 nimezifunga, zilizopinda zikiwa juu. Tumeni mtu azichukue kwa gharama zenu. Mkikaa kimya, risiti na picha nazipeleka Tume ya Ushindani.

Na lile neno "ngumu" lifuteni kwenye boksi.

Wenu,
Mwalimu wa uchongaji,
Shangani, Mtwara