Kuhusu ule wimbo wako wa mapigo matano

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Wimbo wako nimeusikiliza kwa makini. Unauliza kama uulainishe ili wasikilizaji wasiukimbie. Mapigo matano katika kila duru ya mdundo usiyaguse, ndiyo uhai wake. Kinachowapoteza watu ni kwamba umebadilisha kila kitu kwa pamoja: mdundo mgeni, kodi za kinanda (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ngeni, na katikati ya ubeti ufunguo, yaani sauti ya msingi ya wimbo, nao unahama. Sikio halina pa kujishikiza.

Sikiliza tena "Take Five", kibao cha jazi cha mpiga saksafoni Paul Desmond, kilichotoka mwaka 1959 kwenye albamu ya kundi la Dave Brubeck. Mapigo ni matano, lakini kinanda kinazungusha kodi mbili zile zile, tatu kisha mbili, tatu kisha mbili, na hakiachi hata ngoma zinapojimwaga. Msikilizaji hana haja ya kuhesabu, kinanda kinamhesabia.

Kwa hiyo fungua kwa besi na ngoma tu, duru nne, sauti isiingie kwanza. Ngoma kubwa ipige pigo la kwanza na la nne bila kukosa. Mpigaji azuie mbwembwe zake mpaka kiitikio cha pili (najua atanuna). Akizianza mapema, pigo la nne linafifia na watu wanabaki wakingoja pigo la sita ambalo haliji. Mwendo wa mapigo 110 hadi 130 kwa dakika unatosha. Ukishuka chini ya 80, duru inarefuka hadi mwili hauisikii.

Sasa maneno, maana hapa ndipo penye kasoro kubwa. "Nitakungoja" ina silabi tano, na mkazo uko kwenye "ngo". Umeligawa mbili kwa tatu: ni-ta, ku-ngo-ja. Uzito wa ngoma unaangukia "ku", neno linapinda, na anayesikiliza anadhani mwimbaji amekosea. Geuza: ni-ta-ku, ngo-ja. Mkazo unakaa juu ya pigo la nne na mdundo mgeni unaanza kusikika kama mazungumzo. Pitia kila mstari hivyo hivyo. Mstari usipokubali, badilisha neno, usibadilishe mdundo.

Kiitikio kisizidi oktava moja (kutoka do hadi do inayofuata). Ule mruko wa kutoka fa hadi ti watu wasiozoea kuimba hawaupati. Wataishia la au do. Pita kwenye sol na la, halafu ndiyo ufike ti. Kodi ngeni zihamishie kwenye kipande cha kati, baada ya kiitikio cha pili, sikio likishatulia. Kuhama kwa ufunguo mimi ningekufuta kabisa.

Ukimaliza, mwimbie kiitikio mtu ambaye hajakisikia, bila chombo chochote, mara mbili, kisha mwambie akirudie. Usimdokezee kuwa ni mapigo matano, ataanza kuhesabu vidole. Angalia anapokwama, kisha mjaribu na mwingine. Akikwama palepale alipokwama mwingine, rekebisha hapo tu. Mara nyingi ni mruko wa sauti au neno, mdundo ni nadra.

Nitumie rekodi mpya kabla hujaongeza tarumbeta.

Ni mimi rafiki yako