Barua kwa Binti Yangu Kuhusu Kezilahabi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, na wadogo zako wote wazima. Ama baada ya salamu, insha uliyonitumia nimeisoma, kisha nikairudia. Umeandika vizuri. Ila pale uliposema kwamba Euphrase Kezilahabi, kwa mashairi yake huru yasiyofuata vina, aliwafungulia mlango watu wasiojua kupanga vina, hapo umemgusa mtu aliyenifanya niwe mshairi, na sitanyamaza.

Unajua nililelewa katika vina. Mizani, yaani silabi, nane kwa nane, mishororo minne, kibwagizo kikija palepale sikio linapokisubiri. *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Amri Abedi, iliyotoka 1954, nilikuwa nayo karibu kuihifadhi. Ndipo nikakutana na *Kichomi*, diwani ya Kezilahabi ya 1974, na shairi lililonisimamisha ni "Dhamiri Yangu". Mtu amefungwa shingoni na dhamiri yake, kama mbuzi kwenye mti wa utu. Majani anayoweza kuyafikia amekwisha kuyala. Mengine anayaona mbele yake, hayafikii. Na sentensi moja inasema tu: "Kamba ni fupi."

Hesabu mizani zake, binti yangu. Tano. Mtunzi wa nane kwa nane angelazimika kuirefusha kamba hiyo hadi itimie kumi na sita, na kamba ikirefuka mbuzi keshapata malisho. Kezilahabi aliikata pale inapobana. Halafu baadaye neno hilo la kamba analirudia, kamba, kamba, nawe unausikia mvuto shingoni mwako. Soma kwa sauti, usisome kwa macho peke yake. Mtu aliyeandika hivyo anajua kuhesabu. Tofauti yake ni kwamba kila mshororo anauhesabia upya, wala hana kipimo cha jana cha kumsaidia. Mimi nimetunga kwa njia zote mbili, na nakwambia hii yake ndiyo iliyonitoa jasho zaidi.

Ugomvi wa miaka ile ya sabini ulikuwa mkali kuliko unavyosimuliwa darasani. Wanamapokeo, watetezi wa kanuni za zamani, walisema utungo usio na vina na mizani si shairi la Kiswahili, ni nathari iliyokatwakatwa, tena ni kuiga Wazungu. Kezilahabi alikwisha kueleza mwenyewe nia yake: kuingiza katika ushairi lugha ya kawaida, ile ambayo watu huzungumza kila siku. Wapo waliomsema hata kwa asili yake, kwamba ni mtu wa Ukerewe, wa kisiwani Ziwa Victoria, na Kiswahili si lugha ya mama yake. Hoja hiyo hunikera. Amri Abedi aliyetuandikia sheria alizaliwa Ujiji. Mathias Mnyampala aliyetupa ngonjera alitoka Ugogo. Kama watu wa bara wana haki ya kuandika sheria, basi wana haki pia ya kuzihoji. Na Wahaya, ng'ambo ya ziwa hilohilo, wameimba tendi zao kwa enanga, ala yao ya nyuzi, vizazi na vizazi bila kudai vina. Nani atathubutu kusema hawakuwa na ushairi?

Sasa nisikufiche ninapotofautiana naye. Kuna mahali mishororo yake imekatwa bila sababu inayosikika. Iunganishe, utapata sentensi ya kawaida, na hakuna kitakachopotea. Katika *Karibu Ndani*, ya 1988, zipo picha zilizofumbwa mno, nami nimezisoma miaka yote hii zikanigomea. Aliahidi lugha ya watu, na pale naona aliiacha ahadi yake njiani. Tena baadhi ya waliomtetea walivifanya vina kuwa pingu, na hilo silikubali hata kidogo. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kwa sababu ya kijitabu chake "Kenya: Twendapi?", akaandika *Sauti ya Dhiki* humo gerezani kati ya 1969 na 1972. Ilitoka 1973, mwaka mmoja tu kabla ya *Kichomi*. Vina vimetimia, mizani imetimia, na moto haukupungua. Vitabu hivi viwili viweke pamoja mezani kwako. Mimi sijawahi kuona kimoja kikimfukuza mwenzake.

Umemlaumu pia kwa ajili ya vijana wanaoandika maneno matatu, wakashuka mstari, wakajiita washairi. Wapo, kweli. Lakini wapo pia waliojaza kurasa za magazeti kwa vina vya "-ni" na "-ka" visivyosema kitu, na sijasikia mtu akimlaumu Muyaka, yule mshairi wa vina wa Mombasa ya kale, kwa ajili yao.

Kezilahabi alifariki Dar es Salaam Januari 2020, kwa hiyo hawezi kukujibu. Ndiyo maana nakujibu mimi. Sikuombi ubadili msimamo wako kuhusu mashairi huru. Naomba sentensi ile moja uifute, au uithibitishe kwa mashairi yake mwenyewe, mshororo kwa mshororo. Nakala yangu ya *Kichomi* nitampa shangazi yako akija huko wiki ijayo. Pembeni ina maandishi yangu ya kalamu, hasa niliposhindana naye, yaache yalivyo. Ukimaliza nijibu, na ukitaka kunipinga, nipinge kwa beti.

Baba yako