Kabla hujatoa damu ya utafiti

Mwanangu Achieng,

Ingia kwenye huo utafiti wa saratani za kurithi hapo Kisumu, ila usiende mikono mitupu. Kutolewa damu ni dakika chache. Kazi iko kwenye ukoo.

Chora mchoro wa ukoo wa vizazi vitatu, kwa mama na kwa baba, maana jeni ya BRCA1 au BRCA2 yenye hitilafu, ile inayoongeza hatari ya saratani ya titi na ovari, hata mwanamume huirithisha. Kila mtoto wake ana nafasi 50 kwa 100 ya kuipata. Kwa kila mgonjwa, andika kiungo ugonjwa ulikoanzia na umri alipogunduliwa, si alipofariki. Wengi hukosea hapo. Tunaambiwa fulani alikufa kwa "tumbo". Tumbo lipi? Ovari, utumbo mpana na ini havielekezi mahali pamoja. Tafuta ripoti ya biopsi (kipimo cha kipande kilichokatwa kwenye uvimbe) au barua ya rufaa. Watu huziweka sandukuni miaka na miaka. Mtoto aliyevimba taya pengine alikuwa na limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi za limfu, ambayo huku ziwani inahusishwa na malaria na virusi vya Epstein-Barr. Mwandike, lakini usimhesabu upande wa BRCA.

Kuna jambo zito zaidi. Mchoro unafuata damu, si jina la boma. Watoto wa wake wawili wanachangia baba tu. Mtoto aliyezaliwa baada ya mjane kurithiwa huitwa wa marehemu, ilhali jeni ni za yule aliyemzaa. Hilo mwambie mtafiti faraghani; wazee wasiaibishwe.

Anayefaa kutangulia kupimwa ni shangazi yako, kwa kuwa ndiye aliyeugua titi. Hitilafu ikipatikana kwake, wewe utapimwa hiyo hiyo na jibu litakuwa wazi. Ukipimwa peke yako ukakutwa huna, hatutajua kama ukoo hauna au wewe ndiye hukuirithi.

Kabla ya kusaini, uliza: majibu yatanirudia? Tafiti nyingi hazirudishi chochote, na watu hungoja bure. Nani atanieleza? Sampuli itapelekwa nje ya nchi? Nikijitoa, itaharibiwa? Omba kuona kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu tafiti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti, kwa hiyo hakuna haja ya kuona haya kuuliza. Shangazi asomewe fomu kwa Dholuo.

Unaweza kupata jibu la kwamba badiliko limeonekana ila maana yake haijajulikana. Hutokea zaidi kwetu, kwa kuwa hazina za data zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Ndiyo sababu nataka ushiriki. Lakini jibu hilo peke yake lisimfanye mtu yeyote akatwe titi wala ovari.

Wakitaka mate badala ya damu, usile, usinywe wala kutafuna kitu nusu saa kabla. Na kama shangazi aliongezewa damu karibuni, awaambie.

Nitumie mchoro ulipofikia. Upande wa Siaya nitaujaza mimi.

Mamako